Tupeane uzoefu: je, mnyama aliwahi kukuonya kabla ya tetemeko, mafuriko au volkano?

Mleta mada

Ndugu zangu, kila baada ya tetemeko la ardhi husikika masimulizi yale yale: mbwa walibweka usiku kucha, kuku walikataa kuingia bandani, ng'ombe walihangaika zizini. Siyapuuzi, kwa kuwa wanaoyasimulia wanaishi na mifugo yao na wanaijua tabia yake. Ninachoomba ni kwamba kila atakayechangia aeleze mnyama alifanya nini hasa, muda gani kabla ya janga, na kama hakuwa na mazoea ya kufanya hivyo siku nyingine. Tusipolizingatia hilo la mwisho, tutakumbuka usiku mmoja ambao mbwa alibweka na nchi ikatikisika, na kuzisahau nyingi alizobweka pasitokee lolote.

Mfano ninaouthamini sana unatoka Italia. Mtafiti Rachel Grant alikuwa akihesabu vyura kwenye ziwa la San Ruffino, umbali wa kilomita 74 kutoka kitovu cha tetemeko lililoupiga mji wa L'Aquila tarehe 6 Aprili 2009, na siku tano kabla ya tetemeko hilo asilimia 96 ya madume yalikuwa yamekwisha kuondoka, ilhali madume hayo kwa kawaida hayatoki majini mpaka kazi ya kuzaliana iishe. Uzito wa ushahidi huu ni kwamba hesabu ilikuwa ikiandikwa kila siku kabla mtu yeyote hajajua kuwa kuna tetemeko linakuja. Bado ni ziwa moja na tetemeko moja, lakini hayo si maneno yaliyokumbukwa baadaye.

Mchangiaji kutoka Bukoba

Nilikuwapo tetemeko lilipotupiga Bukoba, Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri. Usiku uliotangulia sikusikia mbwa wala jogoo akifanya jambo la ajabu, na nasema hivyo kwa sababu wengi hapa mtaani walidai kinyume chake siku zilizofuata. Nilichokiona kwa macho yangu ni cha ng'ombe wetu aliyefungwa pembeni mwa kibanja, akila maganda ya ndizi. Ghafla aliacha kutafuna huku ganda likining'inia mdomoni, akatanua miguu ya mbele, akavuta kamba kwa nguvu hadi fundo likakaza. Nilimgeukia kuona kama kuna nyoka, na kabla sijafika alipo, mabati yakaanza kulia na ukuta wa jikoni ukapasuka. Muda wote huo haukuzidi wa kusalimiana. Je, alihisi nini ambacho mimi sikukihisi?

Mleta mada

Ahsante sana, ndugu yangu, hasa kwa kusema wazi kwamba usiku ule ulikuwa wa kawaida. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayoanza pamoja lakini hayafiki pamoja. Ya kwanza husafiri karibu kilomita 6 kwa sekunde na huwa hafifu, kiasi kwamba watu wengi hawayatambui. Ya pili husafiri kama kilomita 3.5 kwa sekunde, nayo ndiyo yanayobomoa nyumba. Kwa aliye kilomita 40 kutoka kitovu, tofauti hiyo ni takriban sekunde tano. Ng'ombe wako, kwa maoni yangu, hakutabiri chochote: alihisi tetemeko lililokwisha kuanza, akakutangulia kulitambua.

Kinachobaki kigumu kueleza ni tabia inayobadilika saa nyingi kabla. Mtafiti Martin Wikelski na wenzake waliwafunga ng'ombe, kondoo na mbwa wa shamba moja nchini Italia vifaa vya kupima mwendo, wakaripoti mwaka 2020 kwamba wanyama hao, walipokuwa zizini, walihangaika hadi saa 20 kabla ya matetemeko ya karibu. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini ya shamba moja, na hayatoshi kumwambia mtu ahame nyumba.

Mchangiaji kutoka Goma

Mimi nitasema la upande wa pili. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, mbuzi wetu walikuwa wamelala kama siku zote. Tulioanza kushtuka ni sisi watu, tulipoona anga limekuwa jekundu, tukawafungua mbuzi na kuwaburuta barabarani, nao wakikataa kutoka.

Tena huku kwetu kuna mazuku, ile hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu. Mbuzi anateremka kula majani asubuhi kabla upepo haujaanza, kichwa kikiwa chini, na hapandi tena. Kama mnyama angejua kila hatari ya ardhi, tusingeokota mizoga kwenye mashimo yale. Nawasihi wazazi: msimruhusu mtoto ashuke bondeni eti kwa kuwa mbuzi ameshuka.

Mchangiaji kutoka Rufiji

Kwa mafuriko ninao ushuhuda, ila nao si wa miujiza. Mto ulipojaa Aprili 2024, kabla maji hayajaonekana shambani kwetu, siafu walipanda nguzo za dungu wakiwa wamebeba mayai meupe, na panya wakatoka matunduni mchana kweupe. Bibi yangu alisema maji yameshafika, yako chini ya udongo. Nilichimba kwa jembe pembeni mwa mpunga, na shimo lisilofika hata magotini likaanza kujaa taratibu kutoka chini. Siafu hutoka pia mvua kubwa inapokaribia, kwa hiyo kuwaona peke yao hakutoshi. Wakitoka pamoja na panya, na mvua haijanyesha hapo kwetu, hapo bibi huanza kupandisha magunia ya mpunga dunguni. Siku hiyo tulipandisha yote, na watoto wakapelekwa mlimani kwa shangazi jioni ile ile.