Wiki 8, na joto la Lubumbashi

Jambo bamama. Mimi wa Njombe, nimemfuata mume wangu Lubumbashi tangu Juni, asubuhi zikiwa na baridi kama kwetu. Sasa Oktoba, mvua bado, bati linachoma, mimba ina wiki 8. Bukari, yaani ugali wa huku, naipenda, lakini harufu ya samaki wakavu wa jirani inanitapisha kabla sijanawa uso. Mlifanyaje?

— Pole yaya. Usingoje njaa. Mimi niliweka biskuti kavu pembeni ya kitanda, nakula kabla ya kuinuka. Bukari niliacha ipoe. Ya moto inabeba harufu. Samaki mwambie jirani tu. Jirani wangu alihamisha kamba ya kuanikia samaki, akaniletea na ndimu!

— Chandarua usikiache hata joto likizidi. SP, vidonge vya kukinga malaria kwa wajawazito, bado, inaanza baada ya wiki 13; vidonge vya foliki anza leo, miligramu 0.4 kwa siku. Ukipata homa, kapimwe siku hiyohiyo, usinunue dawa kwa kubahatisha.

— Asanteni. Na mkojo kuwa rangi ya chai?

— Maji yamekupungukia, mama. Kunywa kidogo kidogo. Ukiyatapika yote, nenda kituo cha afya leo, usingoje kesho.