Kibao cha papeterie yangu: STATIONARY ao STATIONERY?

Papa wa Birere (Goma)

Jambo sana wandugu. Nina butike ndogo ya papeterie mu Birere, si mbali na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda. Nauza kaye (daftari), bic (kalamu), farde, bahasha, rame za karatasi, na nina mashine moja ya photocopie inayofanya kazi kufuatana na namna umeme ulivyoamka siku hiyo. Wateja wengi ni watoto wa shule wa hapa hapa, lakini wako pia wanaovuka kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda, na kule tangu 2008 serikali iligeuza masomo kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Njo maana nikawaza kuandika kibao kwa lugha mbili: kushoto PAPETERIE, kuume Kiingereza.

Fundi wa vibao nilimpa dola 20. Akaandika vizuri, siwezi kumdanganyia: herufi za buluu zenye kivuli chekundu, STATIONARY. Kibao kikakaa wiki tatu. Juzi msichana mmoja mwanafunzi ameleta kurasa nane za kutoa kopi, akatazama juu, akacheka, akaniuliza: “Papa, kwani butike zingine zinatembea?” Sikuelewa. Njo akanionyesha kwa kidole: herufi ya tatu kutoka mwisho inapaswa kuwa E.

Nikamrudia fundi. Anasema ni neno moja, kila mtu anaandika anavyopenda, na simu yake haipigi mstari mwekundu chini ya lolote kati ya hayo mawili. Nimejaribu kwa simu yangu, kweli, yote yanapita. Shemeji yangu naye anasema mtu anayetafuta bic hasomi herufi. Mimi nasoma. Nilikuwa karani wa ofisi miaka kumi na moja, na barua yenye kosa ilikuwa inanirudia na wino mwekundu.

Sasa naomba mniambie: ni maneno mawili kweli? Nishike nini ili tofauti isinitoke tena? Na Waingereza walikuwa wanatafuta nini kuweka vitu viwili visivyohusiana karibu hivyo?

Kijana wa Himbi

Papa, usijisumbue. Ni kama “color” na “colour”, moja ya Marekani, nyingine ya Uingereza. Acha kibao chako.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Hapana, mdogo wangu, usimpoteze mzee. Marekani na Uingereza wanaandika haya mawili sawasawa. Ni maneno mawili.

Lenye A ni sifa ya kitu kisichosonga. “A stationary truck” ni lori lililosimama, na anayejua foleni ya malori kwenye njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hahitaji picha. Lenye E ni jina la bidhaa zako zote pamoja: karatasi, bahasha, bic, farde. Kwa kutamka yanalingana karibu kabisa, kwa hiyo sikio haliwezi kukusaidia, na sidhani fundi wako alifanya uzembe. Simu nayo inaangalia tu kama neno lipo. Haijui wewe unauza nini.

Ila sisi tuliosoma Kifaransa tuna sababu yetu ya ziada ya kukosea. Tumekua na “stationnaire”, yaani kisichosonga, na “stationnement interdit”, marufuku kuegesha gari, kwenye kila ukuta wa mjini. Waliosoma math-physique, hesabu na fizikia, wanakumbuka “onde stationnaire”, wimbi lililosimama. Mkono umeshazoea A. Wanafunzi wangu nawaambia hivi: ukifika kwenye vifaa vya kuandikia, sahau “stationnaire”, shika “papeterie”. Boulangerie, nyumba ya mikate, ni “bakery”. Brasserie, kiwanda cha bia, ni “brewery”. Papeterie ni “stationery”. Mara nyingi -erie yetu inakutana na -ery yao, na E iko pale pale. Kitu kilichosimama ndicho kiachiwe “stationnaire” na A yake.

Papa, jibu lako liko kwenye nusu ya kushoto ya kibao chako.

Dada wa Kinondoni (Dar es Salaam)

Shikamoo Mzee. Usione aibu, huku kwetu tunaziita stesheneri, kila mtaa ipo, na vibao vyenye kosa lako nimevisoma tangu nikiwa darasa la tano. Mimi nilifundishwa kifupi tu: A ya simama, E ya peni.

Papa wa Birere

Marahaba mwanangu. Ni nzuri, lakini huku hatusemi peni, tunasema bic, na bic haina E. Kaye tukiiandika kama Wafaransa, “cahier”, ina A na E zote mbili. Karatasi ina A tatu. Bahasha A tatu. Daftari mbili. Tukienda na hesabu hiyo mbele ya hakimu, fundi wangu anashinda kesi.

Nabaki na papeterie. Kweli nimekaa chini ya neno hilo wiki tatu bila kuliona. Lakini Mwalimu, swali la tatu umeliruka.

Mwalimu wa Katuba

Sikuliruka, nilikuwa na kopi za mtihani za kusahihisha.

Umesema havihusiani. Vinahusiana, ni ndugu wa tumbo moja. Mzizi ni Kilatini, “stare”, kusimama. Zamani za kati kule Ulaya, wafanyabiashara wengi walikuwa wanazunguka na mizigo, soko hadi soko. Muuza vitabu hakuweza kuishi hivyo: wateja wake walikuwa wasomi na mapadri, na vitabu vilinakiliwa kwa mkono, kwa hiyo alikaa mahali pamoja, karibu na chuo kikuu au kanisa kubwa. Wakamwita “stationarius”, mwenye kituo. Kwa Kiingereza akawa “stationer”. London walijipanga kando ya kanisa la St Paul's, wanakili, wafunga vitabu na wapambaji wa kurasa pamoja, na 1403 wakaruhusiwa kuunda chama chao. 1557 wakapata hati ya kifalme. Chama hicho kipo mpaka leo.

Sasa angalia: mtu ni “stationer”, anaishia na -er. Bidhaa zake ni “stationery”, mtu huyo umemwongezea y. Kama “baker” anavyozaa “bakery”. E si pambo, ni mabaki ya mwenye duka.

Papa wa Birere

Basi yule msichana alinicheka kwa haki na bila haki. Mbele ya butike yangu kutwa nzima wanapita vijana na karton kichwani, “bic, bic, kaye, bic”, na wanauza rahisi kuliko mimi kwa sababu hawalipi kodi ya nyumba. Hao njo ambulants. Mimi ninayelipa, mwenye nyumba akibisha mlango kila tarehe mbili, njo “stationer”. Nimekaa na jina hilo miaka sita bila kujua.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Papa, mimi pia nauza hivyo vitu, na niseme upande mwingine kidogo. Mwaka jana nilituma orodha ya kununua kwa mtu wa Kampala, nimeandika “stationary” juu ya kila ukurasa, kurasa sita. Rame 40 zilifika, hakuna aliyeuliza kama nimeagiza vitu vilivyosimama. Kwa biashara ya kila siku utaeleweka.

Lakini kibao si orodha. Kibao kinasomwa na mtu ambaye bado hajaamua kuingia. Hasa wewe unayetafuta wateja wa mashule. Mzazi akiona kosa juu ya mlango wa duka la kaye, atawaza nini juu ya kaye? Badilisha. Na usilipe kibao kizima, ni herufi moja, wasikuibie.

Kijana wa Himbi

Papa, samahani kwa jibu langu la mwanzo. Nilikuwa na hakika kabisa.

Papa wa Birere

Hakuna neno, mwanangu. Hata fundi alikuwa na hakika.

Niwape habari. Fundi alikuja jana na kopo mbili za rangi. Nilimsomea maelezo ya Mwalimu mpaka kwenye brasserie na “brewery”, hapo njo akakubali, akasema kama bia iko ndani basi ni ukweli. Akaanza na faranga 5000, tukamaliza kwa kaye mbili za mtoto wake na bic moja. A imefunikwa, E imekaa, ila ukisimama upande wa barabara jua likipiga, mguu mmoja wa A bado unachungulia na kivuli chake chekundu.

Kabla ya kuondoka aliomba nimwandikie maneno yote mawili kwenye karatasi, moja chini ya lingine. Nikamwuliza ya nini. Akasema ameshaandika vibao vingine vitatu mjini. Mahali vilipo amekataa kuniambia.