Qubes: nataka linki na PDF zifunguke kwa programu ninayochagua. Msaada kabla ya Jumatatu

Zimma_Boy: Wadau, nimekwama. Nimeweka Qubes 4.2, ule mfumo wa kompyuta unaotenga kazi kwa VM (kompyuta pepe) mbalimbali, kwa laptop ya ThinkPad T480. Nataka mtu akibofya linki ndani ya barua pepe, ifunguke kwa Firefox, na PDF ifunguke kwa Okular. Nimehangaika na mipangilio ya dom0 usiku kucha, hakuna kinachobadilika. Na msiniambie nirudi Windows.

FundiLuthuli: Rudi Windows.

Mama_Njeri: Achana na dom0. Hiyo haina hata intaneti, kazi yake ni kuendesha zile VM na kukuonyesha madirisha. Kila VM ina orodha yake ya programu za kufungulia mafaili. Ukitaka VM zote zifuate, weka kwa template, ule mfumo-mama VM zinakotoa programu zake. Ukitaka VM ya work peke yake, hariri ~/.config/mimeapps.list humo humo ndani ya work. Sasa nijibu: huyo "mtu akibofya" ni nani?

Zimma_Boy: Ni mashine ya kazi tu. Okular niliiweka ndani ya work wiki jana, nimezima na kuwasha, bado iko.

Mzee_Wa_Umoja: Mimi nilianza na Qubes toleo la 3.1, enzi za madirisha ya KDE. Vijana siku hizi hamsomi maelekezo. Rutkowska, mwanzilishi wa Qubes, na wenzake walipotoa toleo la kwanza 2012, hakukuwa na wa kumuuliza hapa Nairobi.

Mama_Njeri: Mzee, tulia. Zimma, kazi ya nani?

Zimma_Boy: Sawa basi. Ni laptop ya shangazi. Ni wakili, anashughulika na mauzo ya mashamba. Alinipa nimtolee virusi. Windows nimeifuta, bado hajui. Nataka akirudi Jumatatu aone ni ile ile tu. Na msianze: mafaili yake yote nimeyanakili kwa diski ya nje.

Mzee_Wa_Umoja: Humo mna hati za watu, kijana. Ulitumwa virusi ukafuta nyumba nzima. Mpwa wangu alichukua simu yangu "aisafishe kidogo", picha zote za mazishi ya mama zikaenda. Mpaka leo kwangu anakunywa chai ya rangi.

Zimma_Boy: Mzee, shangazi hufungua kila kiambatisho. Kila kimoja! Majuzi kafungua ankara ya mzigo ambao hakuagiza. Heri anikasirikie mimi kuliko wateja wamkasirikie yeye.

Mama_Njeri: Hoja unayo, lakini Firefox na Okular ndani ya work hazimkingi. Akifungua ankara kama hiyo humo, imeingia palipo na mafaili yake yote. Tengeneza faili la .desktop (la kuita programu) kwa ~/.local/share/applications, mstari wa Exec uwe `qvm-open-in-dvm %u`, kisha ulifanye ndilo la kufungulia linki na PDF. Kila kitu kitafunguka kwa VM ya muda inayokufa dirisha likifungwa. Lakini mfundishe jambo moja. Akijaza fomu na kuihifadhi kwa jina lile lile, inarudi work. Akiihifadhi kwa jina jipya, imekufa na VM. Wakili akipoteza mkataba aliotoka kuujaza, utahama mtaa wa Zimmerman.

Zimma_Boy: Si kuna ile ya kugeuza PDF iwe salama? Nifanye hiyo kwa zote, yaishe.

Mama_Njeri: Ile hugeuza kila ukurasa kuwa picha. Hataweza kutafuta jina la mnunuzi ndani yake. RAM ni ngapi?

Zimma_Boy: 8.

Mama_Njeri: Wanaopendekeza 16 hawakukosea. Itawaka, lakini VM za muda zitamfanya angoje.

Ngara_Finest: Ngojeni kwanza. Programu ukiiweka ndani ya work, ukizima inapotea, kwa sababu mfumo unatoka kwa template upya. Huyu anasema Okular "bado iko". HEKAYA! Hana Qubes, hana shangazi.

FundiLuthuli: Shangazi yuko kwa template.

Zimma_Boy: Niliiweka kwa flatpak, njia nyingine ya kuweka programu.

Mama_Njeri: Na --user, yaani kwa mtumiaji mmoja tu?

Zimma_Boy: Ndiyo.

Mama_Njeri: Basi iko kwa home, folda ya mtumiaji, na home haifutiki. Anaweza kuwa anasema kweli.

Ngara_Finest: Umempa jibu wewe mwenyewe. Alete picha ya skrini.

Zimma_Boy: Yenye majina ya wateja wa shangazi? Thubutu.

Ngara_Finest: Si nilisema.

Mzee_Wa_Umoja: Hata kama ni hekaya, ampigie shangazi.

FundiLuthuli: T480 ina nafasi mbili za RAM. Fungua kifuniko cha chini, uone kama ya pili ni tupu. Kipande cha GB 8 ninacho.

Zimma_Boy: Ni tupu. Bei gani, na Jumapili unafungua?