Kihamba cha mzee Kibosho: kilimo hai au tung'oe kahawa?

Mwanakibosho:
Habari zenu wakuu. Mzee ametukabidhi kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, kama ekari moja hivi. Kahawa ni ya enzi za babu, juu yake migomba na mti wa kivuli wa mringaringa. Zamani mzee alipiga mrututu, ile dawa ya shaba, kila msimu kuzuia chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Miaka ya 1990 ruzuku zikaondolewa, bei nayo ikawa ya kukatisha tamaa, akaacha. Siku hizi ni samadi ya ng'ombe tu. Mdogo wangu anataka tung'oe tupande nyanya, mimi nawaza kusajili kilimo hai, kile kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani. Inalipa kweli?

Uru_Mashariki:
Mkuu, "tuliacha dawa zamani" mkaguzi haimtoshi. Soko la Ulaya linataka miaka 3 ya mpito kwa zao la kudumu kama kahawa, na bila ushahidi unahesabiwa kuanzia unapoandikishwa. Na ekari moja usiende peke yako, gharama za ukaguzi zitameza mavuno yote. Ulizia AMCOS yenu (chama cha ushirika cha mazao) kama kuna kikundi cha kujiunga.

Mama Mboga Tengeru:
Mmesahau maji. Mfongo, yaani mfereji wa maji, unaoingia kwako unapita kwa nani kwanza? Jirani yangu wa juu alikuwa anaoshea bomba la dawa mferejini, yale mapovu meupe yanashuka moja kwa moja kwenye mchicha wangu.

Mwanakibosho:
Duh! Juu yangu yupo shemeji, na yeye ni nyanya tupu.

Bwana Shamba Mstaafu:
Mwanangu, msing'oe. Kihamba cha Shimbwe Juu, hapo Uru tu, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikitambua mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo, nyie mnataka kufyeka cha kwenu! Ila sifa hazijazi gunia, kahawa kongwe haizai. Ikateni ibaki visiki ichipue upya, sehemu kwa sehemu, palipo na mapengo wekeni miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Hapo mrututu hamuukumbuki tena. Dogo akakodi shamba tambarare kwa nyanya zake. Wadudu wa mboga jaribuni mmea wa utupa: twanga majani yake, loweka usiku kucha, chuja. Lakini nao ni sumu kali kwa samaki, msiuoshee mfongoni mkamlaumu shemeji.

Uru_Mashariki:
Huyo shemeji mwendee na mbege, pombe yetu ya ndizi, kwanza. Habari za bomba zianze kata ya pili.