Digrii 10 za Farenhaiti: simu inasema −12.2, mwenzangu anasema 5.6. Nani yuko sahihi?

Fundi wa Shimanzi

Assalaam alaikum ndugu zangu. Nimepewa kazi ya kurekebisha chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki wabichi hapa Mombasa. Mtambo wenyewe umetoka Marekani, kwa hiyo kitabu chake cha maelekezo kimeandika kila kipimo kwa Farenhaiti, ilhali kipimajoto changu husoma Selsiasi peke yake. Katika ukurasa mmoja kuna namba mbili zinazonitatiza. Ya kwanza ni halijoto ya chumba, ambayo inatakiwa iwe digrii 34. Hiyo nimeigeuza kwa simu nikapata 1.1, na kwa samaki waliolazwa kwenye barafu naona inaingia akilini. Ya pili ni joto la ziada la gesi inayorudi kwenye kompresa, yaani kiasi ambacho bomba la kurudishia gesi limezidi ile halijoto ambayo gesi inachemkia ndani ya ivaporeta, yaani mabomba yanayopoza chumba. Kitabu kinataka liwe digrii 10. Programu ile ile ya simu inanipa −12.2, na mwenzangu anashikilia kuwa jibu ni 5.6. Naomba mnieleze na sababu yake, kwa maana valvu inayoingiza gesi ya majimaji kwenye ivaporeta nitaifunga au kuifungua kwa kuitegemea namba hii.

Mwalimu wa Fizikia

Wa alaikum salaam, ndugu fundi. Mwenzako amesema kweli. Programu nayo imefanya hesabu yake vizuri, ila imedhani kwamba umeipa halijoto, na wewe ulikuwa umeipa tofauti baina ya halijoto mbili.

Skeli hizi mbili zinaachana kwa mambo mawili, na inafaa kuyatenganisha. La kwanza ni ukubwa wa digrii yenyewe: kutoka barafu inapoyeyuka hadi maji yanapochemka, Farenhaiti huhesabu hatua 180, kutoka 32 hadi 212, na Selsiasi huhesabu hatua 100 tu, kwa hiyo digrii moja ya Selsiasi ni sawa na digrii 1.8 za Farenhaiti. La pili ni mahali pa kuanzia kuhesabu, kwa kuwa sifuri ya Selsiasi iko kwenye 32 ya mwenzake. Unapogeuza halijoto unayoisoma kwenye kipimajoto, kama ile 34 ya chumba, ni lazima urekebishe yote mawili: toa 32, kisha gawanya kwa 1.8. Unapogeuza tofauti, mahali pa kuanzia hapana kazi tena, na kinachobaki ni kugawanya kwa 1.8 peke yake. Kumi ukigawanya kwa 1.8 unapata 5.6.

Usiniamini kwa maneno. Jaribu kwa mabomba yako. Tuseme gesi inachemka kwenye digrii 20 za Farenhaiti na bomba la kurudi linasoma 30. Geuza kila moja kwa kanuni kamili: 20 inakuwa −6.7, na 30 inakuwa −1.1. Sasa toa moja kwa nyingine, na utapata 5.6. Ile 32 uliitoa mara mbili, mara moja kwa kila namba, na katika kutoa huku kwa mwisho zimefutana.

Vijana huniuliza mara kwa mara hiyo 32 ilitoka wapi, nami naona swali hilo lina haki ya kujibiwa. Daniel Gabriel Fahrenheit, aliyezaliwa Danzig mwaka 1686, aliiweka sifuri yake kwenye baridi ya mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, na kwa hesabu hiyo barafu inayoyeyuka ikaangukia 32. Anders Celsius wa Uswidi, katika pendekezo lake la mwaka 1742, aliandika 0 kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye yanayoganda, kinyume kabisa na tunavyofanya leo. Waliokuja baadaye ndio walioigeuza. Mahali pa sifuri, basi, ni chaguo la watu, na ndiyo maana hapawezi kuathiri tofauti baina ya mabomba yako mawili.

Mhandisi wa Meli

Mwalimu ameshaeleza vyema. Nami naongeza ya kazini. Ndugu fundi, fundi anayeifukuza hiyo −12.2 atazidi kuifungua valvu akitafuta kitu kisichokuwepo, mpaka gesi irudi ikiwa bado ni majimaji, na majimaji yakiingia ndani ya kompresa huvunja vali zake. Hiyo ni hasara kubwa iliyotokana na hesabu ya mstari mmoja.

Kwa sababu hiyo mimi huandika tofauti zote kwa Kelvini, na halijoto kwa Selsiasi. Digrii ya Selsiasi na Kelvini zina ukubwa mmoja, isipokuwa Kelvini huanza kuhesabu kwenye sifuri kamili, ambayo ni −273.15 za Selsiasi. Nikiandika “5.6 K” kwenye daftari la mtambo, atakayenipokea zamu anajua papo hapo kuwa ni tofauti, kwani hakuna chumba cha samaki chenye halijoto ya Kelvini 5.6.

Kuna mahali pengine ambapo Kelvini si hiari. Utakapomaliza kuunga mabomba utajaza naitrojeni kutafuta mahali panapovuja. Chukulia umejaza hadi shinikizo la paundi 300 kwa inchi ya mraba kwenye geji mchana, kukiwa na digrii 32 za Selsiasi, ukaja alfajiri kukiwa na 24. Geji itasoma karibu 292, na mtu atasema kunavuja. Fanya hesabu kwanza: ongeza paundi 14.7 za hewa ya kawaida upate 314.7, zidisha kwa 297.15 (ile 24 kwa Kelvini), gawanya kwa 305.15 (ile 32 kwa Kelvini), kisha utoe zile 14.7. Hizo paundi nane zimeondoka na baridi ya usiku. Ukiifanya hesabu hiyo kwa 24 na 32 vilevile zilivyo, utaambiwa robo ya shinikizo imepotea, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Fundi wa Shimanzi

Mwalimu, shikamoo. Nawashukuru nyote wawili. Mfano wa mabomba mawili umeniondolea shaka yote. Nina moja lililobaki. Mafundi wengi hapa hugeuza kwa kichwa: toa 30, gawanya kwa mbili. Je, inafaa?

Mwalimu wa Fizikia

Marahaba. Kwa hali ya hewa inatosha: 86 itakupa 28 na jibu halisi ni 30. Kwenye 50 inatoa 10 kamili, na hapo ndipo watu huanza kuiamini kupita kiasi. Kwa friza siikubali, kwa kuwa sifuri ya Farenhaiti itakuwa −15 kwa njia hiyo, na ukweli ni −17.8. Samaki wa kugandishwa hutakiwa wakae kwenye −18 au chini yake, kwa hiyo kosa la karibu digrii tatu ni kubwa.

Iko njia ya kichwa iliyo sahihi. Skeli hizi hukutana kwenye −40, ambako namba ni ile ile kwa zote mbili. Kwa hiyo ongeza 40, gawanya kwa 1.8, kisha toa 40. Mfano, 104: inakuwa 144, ukigawanya unapata 80, ukitoa 40 inabaki 40. Kurudi kwenye Farenhaiti, ongeza 40, zidisha kwa 1.8, toa 40.

Bi. Maabara

Naomba niongeze jambo moja, ndugu fundi, kwa sababu hesabu nzuri haikiponyi kipimajoto kibovu. Ponda barafu iliyotengenezwa kwa maji safi, ijaze kwenye gilasi, mimina maji kidogo ya kuziba nafasi, koroga, kisha tumbukiza ncha ya kipimajoto katikati bila kugusa ukingo. Kikitulia kisome 0. Ukipenda kujaribu na maji yanayochemka, hapa Mombasa tuko usawa wa bahari na kitasoma karibu 100. Ila usimwambie mwenzako wa Nairobi atarajie hiyo 100, kwa kuwa kule juu maji huchemka kwenye 94 hivi na kipimajoto chake kikawa hakina kosa lolote. Kwa kazi yako jaribio la barafu ndilo lenye maana zaidi, maana liko karibu na halijoto utakazozipima.