Bajeti ya mafunzo inaishia hotelini, kisha mwandishi wa miongozo ndiye "hajiendelezi"

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo nayamwaga.

Kazi yangu hapa Kampala ni kuandika miongozo ya watumiaji: namna ya kufunga mtambo wa sola, namna ya kulipia kwa simu, taa nyekundu ikiwaka ufanye nini. Jina la ofisi silitaji. Kila mwongozo unatoka kwa Kiingereza, Kiswahili na Luganda, na mambo mengi yanajirudia humo: onyo la umeme, namba ya huduma kwa wateja, utaratibu wa malipo. Ada ikipanda, nafungua faili za Word moja moja, natafuta, nabadilisha, natoa PDF upya. Kabla sijamaliza, mteja wa Mbale anasoma bei mpya na wa Arua bado ana ya zamani, na simu za matusi zinaelekezwa kwangu.

Ugonjwa huu una dawa ya siku nyingi. DITA, mfumo wa kuandika nyaraka kwa vipande, ilianzia IBM, na OASIS, shirika la viwango vya kompyuta, wakaipitisha kuwa kiwango mwaka 2005, na shabaha yake ni hiyo hiyo: kipande kiandikwe mara moja, kitumike popote kinapohitajika. Sawa, kwa timu ndogo DITA ni mzigo, alama zote zile za XML za kuzungushia kila kipande. Basi kuna Markdown tangu 2004, alama nyepesi za kupangia maandishi, na kuna Sphinx tangu 2008, programu ya kuyageuza maandishi hayo kuwa mwongozo kamili. Unaandika maandishi matupu, unayaweka kwenye Git, programu ya kutunza historia ya faili, pamoja na msimbo wa programu yenyewe, na kila badiliko linaonyesha nani kagusa nini na lini. Hulipi hata shilingi. Nikaandika pendekezo, nikalipeleka. Jibu la wakubwa wa TEHAMA: "Vitu vya bure si salama." Watu hao seva zao zote ni Linux, nayo ni ya bure!

Baadaye akaletwa mshauri, akawauzia programu ya leseni inayolipwa kwa dola kila mwaka. Leseni ni ya kompyuta moja. Waandishi tuko watatu. Kwa hiyo tunapokezana kiti kama foleni ya bomba, na madevelopa, ambao ndio wanaojua kifaa kinavyofanya kazi, hawawezi hata kuzifungua faili zetu. Masahihisho yao yanakuja kwa sauti za WhatsApp, boda zikipiga honi nyuma, nami nabaki kukisia kama amesema "kabla ya kuzima" au "baada ya kuzima". Kwenye umeme, jamani.

Sasa njooni kwenye mafunzo, maana hapa ndipo damu inapochemka. Tulipelekwa Entebbe, hoteli ya kando ya ziwa, chai ya saa nne, posho, vyeti vyenye mhuri. Mwalimu alituonyesha vitufe: bonyeza hapa, chagua mtindo, hifadhi. Hakuna aliyeuliza msomaji wetu ni nani. Msomaji wetu yuko juu ya bati la moto, mkono mmoja umeshika waya, mwingine simu yenye kioo kilichopasuka. Huyo hahitaji historia ya kampuni ukurasa wa kwanza! Anahitaji hatua, kwa mpangilio, basi.

Hilo sikulipata Entebbe. Nililipata kwenye Diátaxis, mfumo wa kupanga nyaraka wa Daniele Procida, anayetenganisha somo la anayeanza, maelekezo ya kazi, marejeo na ufafanuzi, kwa sababu anayesoma kila kimoja ana haja tofauti. Nimesoma kozi za Google za uandishi wa kiufundi, za bure. Nimetazama video za mikutano ya Write the Docs, ya waandishi wa nyaraka za kiufundi, iliyoanza Portland mwaka 2013. Yote hayo usiku, nyumbani, kwa bando langu. Na bando lenyewe mnalijua: tangu Julai 2021 data tunaikatwa ushuru wa asilimia 12. Sheria inasamehe data ya huduma za elimu, ila mimi nikijisomea nyumbani Kikoni saa sita usiku sihesabiwi kuwa elimu.

Tathmini ya mwaka ikaja. Nimeandikiwa: "Hajaonyesha juhudi za kujiendeleza kitaaluma." Kisa, sina cheti zaidi ya kile cha hotelini. Nikawafungulia mwongozo nilioupanga upya, nikaonyesha hatua zilivyopungua. Bosi akauliza, "Hii imeidhinishwa na nani?"

Nina swali kwenu, hasa nyinyi wa Nairobi na Dar mliokwisha kuhama kutoka programu za leseni kwenda za bure. Leseni inakaribia kuisha na hakuna aliyesaini malipo, na miongozo yetu imefungiwa kwenye aina ya faili ya programu ile. Nikiitoa kama HTML, yaani kurasa za wavuti, kisha nikaipitisha kwenye Pandoc, programu ya kugeuza aina za faili, napata Markdown, lakini majedwali yenye seli zilizounganishwa yanavurugika, na bei zote ziko kwenye majedwali. Mwenye njia safi aimwage hapa. Asiye nayo asiniambie niongee na idara ya utumishi. Ndio walioandaa warsha.