Grupu la wazazi wa Gredi 5, mtaa wa Langoni, Lamu: magunia ya mboga

*Maalim wa Gredi 5:* Asalaam aleikum wazazi wangu. Kuanzia Jumatatu watoto waanza projekti ya bustani ya magunia, wapande mboga, na mwishoni wazipike na waziuze. Kila mtoto aje na gunia kuukuu moja la mchele au sukari, kopo kubwa lililotolewa tako (la kujazia kokoto katikati ya gunia, maji yapite), na udongo kiasi cha kubeba mwenyewe. Tafadhalini msinunue kitu chochote. Na ombi langu kubwa zaidi, msimfanyie mtoto kazi yake.

*Mama Nuru:* Waaleikum salaam maalim, inshallah.

*Baba Lali:* Waaleikum salaam. Maalim nitauliza kama mzazi usinielewe vibaya. Mwaka jana mzima tulikuwa mbio madukani, manila, gundi, rangi, usiku saa tatu ndio mtoto akumbuka kesho yatakikana. Sasa ni magunia. Na mwakani hawa waingia Gredi 6, KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa Gredi 6, iko mbele yao, huu wakati wa kuchimba chimba si heri wafanye hesabu

*Mama Nuru:* Baba Lali hapo kwenye manila umesema kweli tupu. Kule shule aliyokuwa Nuru zamani watoto waliambiwa watengeneze vijumba vya maboksi, siku ya kuonyesha tukaitwa wazazi, nikakuta vijumba vimepangwa mezani vyote vimekatwa kwa mkono wa mtu mzima, madirisha yamenyooka kama yamepigwa rula ya fundi. Mtoto mmoja tu ndiye aliyejikatia mwenyewe, chake kimepinda, gundi imemwagika pembeni, na yule ndiye aliyepewa alama za chini kuliko wote. Alikuwa yuwakificha nyuma ya mgongo. Mpaka leo nikikumbuka huwa naumia kwa niaba ya yule mtoto

*Khalati Mwanaesha:* Subhanallah. Yule ndiye aliyefanya kazi!

*Maalim wa Gredi 5:* Ndiyo manake nimesema msifanye nyinyi jamani. Mimi sitaangalia gunia la nani zuri. Nitamwita mtoto nimwambie hebu nionyeshe ulivyoweka kokoto, akishika kopo tu nishajua. Na kila mmoja ana daftari la projekti, aandika leo nimefanya nini, nini kimeharibika, kesho nitabadilisha nini. Kilichoharibika nakitaka zaidi kuliko kilichofaulu.

*Maalim wa Gredi 5:* Baba Lali swali lako ni la haki, nalijibu. Hesabu imo humo humo ndani ya gunia. Mtoto azungusha kamba kwenye gunia lililojaa, apata tuseme sentimita 120. Tundu la mche liwe kila sentimita 20, kwa hivyo mstari mmoja matundu 6, mistari 3 ni miche 18, na miche ya juu hajaihesabu bado. Akikosea atabaki na mche mkononi hauna pa kwenda, hiyo hataisahau. Halafu kuhusu mitihani, kule Gredi 9 wakipangiwa sekondari ya juu KPSEA yachukuliwa asilimia 20, kazi za shuleni za Gredi 7 na 8 asilimia 20 nyingine, mtihani wa mwisho 60. Kazi za mikono hazikuwekwa pembeni tena kama wakati wetu.

*Ami Shee:* Nimechelewa nilikuwa chomboni. Sisi tuliosoma mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 tulikuwa na hayo yote, ufundi, sayansi kimu, kilimo. Lililotushinda ni vifaa. Darasa zima tuna msumeno mmoja na mwalimu aufungia ofisini usije ukaibiwa, tukawa twachora randa kwenye daftari badala ya kuishika. Maalim ukinambia leo hamna vifaa nitaleta vyangu, sitaki watoto hawa wachore gunia ubaoni

*Maalim wa Gredi 5:* 😂 Ami Allah akubariki. Shazia za kushonea magunia ndizo hatuna, na kisu cha kutobolea.

*Mama Lulu:* kisu??? Maalim watoto wa miaka 10

*Ami Shee:* Mama Lulu usiwe na wasiwasi. Kwangu kiwandani mtoto akija likizo huanza na keekee ya kutobolea mbao, namfundisha pa kusimama, mkono wa kushoto uwe wapi, na kifaa kikikuanguka usikidake, rudi nyuma kianguke. Mtoto aliyefunzwa kisu hakatiki ovyo, hukatika yule aliyefichwa kisu akakishika siku ya kwanza hayupo mtu wa kumwangalia. Nitakuwepo siku hiyo mwenyewe, wakate wanne wanne

*Mama Lulu:* Haya kama utakuwepo ami nimetulia

*Khalati Mwanaesha:* Na mimi niseme langu. Mamangu Mungu amrehemu alinifunza kusuka ukili kwa miyaa, ule utepe wa kuungia mkeka, nikisuka yeye haangalii, yuwapika zake. Nikimaliza pima moja aja auvuta, pale palipolegea panafunguka, aniachia hapo hapo aenda zake. Hakunisukia hata jani moja. Nikafumua nikasuka tena, nikafumua. Nilikuwa naona yuwanionea. Lakini siku ya kuunga mkeka ukili wangu ukakaa sawa na wake, ubavu kwa ubavu, mshono haukuvuta. Wajukuu zangu leo mama zao hawawezi kuvumilia, mtoto akikosea tu ananyang'anywa kazi, "leta hapa nitafanya mimi tuwahi". Sasa mtoto atajifunza nini, kukaa kutazama?

*Baba Lali:* Khalati umesema kweli. Mimi sina ubishi na kazi ya mikono, mimi ubishi wangu ni gharama na wakati. Kama hakuna kununua basi mimi nyuma yenu. Lakini homuwaki ya hesabu iendelee maalim, tusije tukasema mbona hatukuambiwa

*Maalim wa Gredi 5:* Itaendelea babangu.

*Mama Nuru:* Sasa maji? Kisima cha shule kina chumvi, muhula uliopita yale maharagwe yaliungua kingo zote watoto wakalia

*Maalim wa Gredi 5:* Hilo ndilo nililotaka mtu aulize. Maharagwe hayavumilii chumvi kabisa. Chumvi ikizidi kwenye udongo mizizi hushindwa kuvuta maji hata kama udongo umelowa, ndio jani laanza kukauka pembeni huku chini ni tope. Safari hii twapanda spinachi na sukuma, spinachi ndiyo hodari zaidi. Na nimewagawa makundi, kundi moja litamwagilia maji ya kisima, la pili maji ya mvua ya tangi, la tatu wachanganye nusu kwa nusu. Mbegu moja, samadi moja, jua moja, kinachobadilika ni maji peke yake. Kila Ijumaa wapime jani kwa rula waandike. Sitawaambia jibu.

*Khalati Mwanaesha:* Mai ya birika la mvua ndiyo yaliyokuwa yakinyweshea mirehani yetu, ya kisimani tukioshea vyombo. Wazee walijua

*Swabra (Malindi):* Salaam familia, mimi niko huku Malindi lakini nasoma yote. Maalim ongeza chupa za plastiki, zile tupu zimejaa ufuoni. Mtoto atoboa kifuniko kwa sindano tundu dogo, akata tako, aizika kichwa chini karibu na mzizi, ajaza maji asubuhi yatiririka polepole mpaka jioni. Maji ya mvua hayapotei. Tundu likiwa kubwa maji yaisha dakika tano tu, kwa hivyo waanze dogo dogo wajaribu

*Maalim wa Gredi 5:* Mashallah, hiyo naichukua. Makundi yote matatu yatumie hiyo, ili kinachobadilika kibaki maji peke yake, na tangi lenyewe si kubwa.

*Mama Lulu:* Na samadi? Punda hapa si wa kutafuta 😄

*Ami Shee:* Isiwe mbichi tu. Mbichi yapanda joto yaunguza miche. Ilundikwe ifunikwe ilowe igeuzwe mpaka isiwe na harufu na ukishika si moto. Kuna lundo la zamani nyuma ya kiwanda changu waje wachote, wabebe wenyewe kwa ndoo. Na mzungushie uzio maana hao punda wenyewe watakula spinachi yote usiku mmoja

*Baba Lali:* Maalim wavulana na wasichana kazi ni ile ile? Manake mwishoni najua kutapikwa

*Maalim wa Gredi 5:* Ile ile. Wote watalima, wote watapika, wote wataosha sufuria.

*Ami Shee:* Baba Lali kwenye jahazi nilipopanda mara ya kwanza nilikuwa mdogo kuliko mabaharia wote na kazi yangu ilikuwa jikoni. Wali ukiungua mabaharia kumi wanakutazama. Mwanamume asiyejua kupika baharini ni mzigo

*Baba Lali:* 😂😂 mie sijakataa ami, nimeuliza tu. Lali na aje akune nazi, nyumbani mbuzi wa nazi hajui hata wakaliwa vipi

*Mama Nuru:* Mimi nilichokipenda kuliko vyote ni ile ya kuuza. Darasa la juu mwaka jana waliuza mchicha fungu shilingi 20 hapa mtaani, mtoto aliyekuja kwangu nikampa noti ya 100 akasimama yuwahesabu kwa vidole, nikamngoja. Akanirudishia 80. Nikiwa na haraka zangu lakini nikamngoja, maana ningemwambia ni 80 ningemwibia

*Khalati Mwanaesha:* Na madeni je! Kuna jirani alichukua mafungu mawili akasema kesho. Yule mtoto akaja kwangu aniuliza bibi nitamwambiaje bila kumvunjia heshima. Tukafanya mazoezi hapa barazani, mimi ni jirani yeye ni yeye. "Shikamoo, nimekuja kwa ile hesabu ya mchicha, daftari letu lafungwa leo." Akaenda akalipwa!

*Maalim wa Gredi 5:* Khalati hilo siwezi kulifunza darasani hata nikitaka. Naomba uje muhula huu uwafunze wote, wakiwa wawili wawili.

*Khalati Mwanaesha:* Nitakuja mwanangu. Saa nne, kabla jua halijakuwa kali.

*Swabra (Malindi):* Pesa zikipatikana zaenda wapi? Watoto wataka kujua mapema isije ikawa zimeliwa

*Maalim wa Gredi 5:* Wataamua wao kwa kura. Kwanza watoe mtaji wa mbegu warudishe kwenye sanduku la shule, kinachobaki ni chao. Wahasibu ni watatu, hakuna mmoja anayeshika daftari na pesa pamoja.

*Mama Lulu:* Hiyo ya daftari na pesa mbali mbali hata chama chetu cha akina mama tuige

*Baba Lali:* Haya maalim, Lali gunia analo, nimemwambia alitafute mwenyewe kwa muuza mchele akaombe kwa adabu. Karudi na mawili. Amwekee nani la pili?

*Maalim wa Gredi 5:* Alete yote mawili. Kuna mtoto najua kwao halitapatikana, na nisingependa aulizwe mbele ya wenzake.

*Baba Lali:* Sawa. Nitampa aje nayo asubuhi akukabidhi kimya kimya.

*Ami Shee:* Shazia nne nimezipata, visu vinne nimevinoa. Jumatatu saa mbili niko getini.